Nilivyoisaka historia ya manowari moja yenye majina matatu

Mi hii kitu niliianza kwa sababu ya modeli ya plastiki tu. Nilinunua boksi la kuunganisha manowari General Belgrano ya Argentina, nikasema kabla sijagusa gundi ngoja nijue meli yenyewe ilipitia wapi, nikajipa siku moja. Weee, ilinila wiki tatu.

Kosa langu niliitafuta kwa jina. Kumbe Argentina walikuwa na Belgrano nyingine ya zamani, imeundwa Italia miaka ya 1890, na watu wanabandika picha za hii na ile hovyo hovyo, nikajaza kurasa mbili za daftari na safari za meli ambayo hata sio yangu. Nikazichana.

Kilichonitoa ni kuacha jina nikafuata chuma. Meli ikihamia jeshi la nchi nyingine jina linabadilika, bendera inabadilika, namba ya ubavuni inabadilika, ila mwili ni ule ule. So nikaanza mwisho nikirudi nyuma. Belgrano iliitwa hivyo 1956, kabla ya hapo ilikuwa 17 de Octubre (yaani 17 Oktoba), na hiyo ni tarehe ya wafuasi wa Perón, rais wa Argentina, kabisa, sasa Perón kapinduliwa 1955, hao waliompindua wangeliacha jina hilo baharini kweli? Argentina waliipata 1951 kutoka Marekani, na kule iliitwa Phoenix, namba CL-46, imeingia kazini 1938. Nilipoipata hiyo CL-46 mambo yakanyooka, maana Phoenix zimekuwepo kadhaa ila CL-46 ni moja tu.

Kwenye picha nikajifunza kuhesabu mizinga. Ina vibanda vitano, kila kimoja mizinga mitatu ya inchi 6, jumla 15, vitatu viko mbele na kile cha tatu kimegeuzia mdomo nyuma, kinaitazama meli yenyewe. Ukishakiona mara moja ile ya Kiitaliano haikudanganyi tena. Shida ni Boise, dada yake, naye Argentina walimchukua wakamwita Nueve de Julio na sura ni ile ile, hapo bila namba ya ubavuni umekwama.

Usiku mmoja nikaweka picha mbili pamoja kwenye skrini. Moja ni Pearl Harbor kule Hawaii, tarehe 7 Desemba 1941, siku Wajapani walipoishambulia, Phoenix inakatiza mbele ya moshi wa meli zinazoungua, yenyewe haijaumia. Ya pili ni tarehe 2 Mei 1982, kwenye vita vya Argentina na Uingereza vya visiwa vya Falklands, meli ile ile imelala ubavu, omo (sehemu ya mbele) imekatika, maboya ya kuokolea watu yametawanyika pembeni. Nyambizi ya Uingereza, Conqueror, ilirusha topedo tatu, mbili zikapata, watu 323 wakafa. Na nyambizi yenyewe ni ya nyuklia ila topedo zilizotumika ni za muundo wa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, yaani zee kwa zee. Watu wanabishania tu kama ilikuwa ndani au nje ya eneo la bahari ambalo Uingereza walilipiga marufuku kuingia (ilikuwa nje), ile miaka 40 na zaidi ya nyuma yake hakuna anayeigusa.

Modeli bado iko kwenye boksi. Nataka niijenge kama Phoenix, ila itabidi nichonge mwenyewe manati mbili za kurushia ndege kule tezi, yaani nyuma, na bendera waliyoniwekea ni ya Argentina.