Siku nne za nyangumi Kizimkazi: ninavyopanga mwezi, upepo, mafuta na masafa

Kitu cha kwanza ninachokishika ni kalenda ya mwezi, boti baadaye. Nyangumi wenye nundu hutoka Antaktika na kuanza kufika pwani yetu Julai, huonekana zaidi Agosti na Septemba, na ikifika Oktoba waliobaki wameshageuza kurudi kusini. Shida ni kwamba Julai na mwanzo wa Agosti kusi, upepo wa kutoka kusini, bado ina nguvu, na bahari ya nje ya Kizimkazi, kusini mwa Unguja, haikaliki. Mgeni anayeng'ang'ania Julai namwambia wazi kwamba nyangumi wapo, ila katika siku nne alizolipia huenda akatoka mbili. Mimi napendelea wiki ya mwisho ya Agosti hadi mwisho wa Septemba, kusi inapolegea na demani, msimu wa upepo mwepesi, inaingia.

Ndani ya wiki hizo natafuta maji mafu, yaani siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo, zinazozunguka tarehe 8 au 22 za mwezi wa kuandama. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, Unguja hupandisha na kushusha maji karibu mita 4. Maji mafu ni kama mita 1 na kitu tu. Mdomo wa Ghuba ya Menai umeelekea kusini. Wakati wa bamvua, maji yakianza kupwa hutoka ghubani kwa kasi na kukutana uso kwa uso na upepo wa kusi, na hapo wimbi linakuwa fupi na la wima. Wimbi la mita 1 la namna hiyo linatesa watu kuliko wimbi refu la mita 2. Ikibidi kutoka siku za bamvua, napita mdomoni maji yakijaa, siyo yakipwa.

Boti ninayotumia ni ya mbao, futi 30, abiria 6 na sisi wawili. Ingechukua 12, lakini watu 12 hawawezi kukaa upande mmoja mnyama akitokea, na watakaa, hata uwakataze vipi. Turubai la kivuli nalikunja nusu. Likifunikwa lote, walio katikati hawaoni kitu zaidi ya mita 200, na upepo ukizidi linageuka tanga.

Mashine ni mbili: moja ya nguvu farasi 40 ya kazi, nyingine ya 15 ya akiba, na ya akiba inawashwa kila asubuhi ufukweni, hata kama haitatumika. Mashine ya akiba isiyowashwa wiki mbili ni mzigo tu. Ile ya 40, ya stroki mbili, kwa mwendo wa kawaida hunywa lita 10 hadi 12 kwa saa. Ukiikandamiza mwisho inakaribia 20. Siku yetu ya bahari ni saa sita, lakini mashine inanguruma saa tatu na nusu tu, kwa hiyo lita 40 zinatosha. Nabeba madumu matatu ya lita 20, na la tatu haliguswi. Mchanganyiko ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa kila dumu la lita 20. Napima kwa chupa yenye mistari, sikisii. Oili ikipungua, pistoni inakwama. Ikizidi, plagi zinalowa na mashine inakataa kuwaka pale tu unapotaka kuondoka.

Mara nyingi mashine ikikohoa katikati ya safari, chanzo ni maji ndani ya petroli, hasa dumu likilazwa nje usiku bila kujaa na umande ukatonea ndani. Mimina kidogo kwenye chupa angavu usubiri dakika tano: maji hujitenga chini. Chanzo cha pili ni mfuko wa plastiki. Ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya mashine ukikatika, zima papo hapo, inua mashine, angalia matundu ya kunyonyea maji chini karibu na propela. Ukiendelea dakika chache tu kwa kuwa "tumekaribia", impela ya pampu (kifeni kinachosukuma maji ya kupooza mashine) inaungua, na kichwa cha mashine kinafuata. Kwenye sanduku langu kuna plagi nne, impela moja, pini za propela, kamba ya kuwashia na spana yake.

Maji ya kunywa na ya kupikia nahesabu lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu 8 kwa siku nne ni lita 160, madumu manane. Maboya ya kuvaa ni moja kwa kila mtu na mawili ya ziada, na yanavaliwa, hayakaliwi. Redio ya VHF, ya mawasiliano ya baharini, inakaa chaneli 16, ile ya kuitana na ya dharura. Bwana diko, msimamizi wa bandari ya wavuvi, anaachiwa karatasi yenye majina, njia na saa ya kurudi.

Siku ya kwanza tunabaki karibu, upande wa Kizimkazi, kuzoesha watu boti na macho. Hapa kuna pomboo wa aina mbili: wenye pua ya chupa, wanaotembea makundi na kuvumilia boti, na pomboo wenye nundu, wachache, waoga, wanaopenda maji mafupi. Tunatoka saa 12 asubuhi, na zikianza kuja boti nyingi tunaondoka. Utafiti uliofanyika hapahapa umeonyesha kuwa pomboo wakizungukwa na boti hupunguza kupumzika na kula, wakabaki kuogelea tu. Kundi likibadili mwelekeo mara mbili mbele yako, au likianza kupiga mikia juu ya maji, limeshakujibu. Abiria wangu hawashuki majini kuogelea nao, na hilo linasemwa kabla ya malipo ili pasiwe na ugomvi botini.

Siku ya pili ndiyo ya nyangumi. Saa 11 na nusu alfajiri watu wanakula mihogo ya kuchemsha au mkate mkavu, chai ya tangawizi bila maziwa. Anayejua kuwa bahari humlewesha anameza dawa saa moja kabla, siyo akishaanza kutapika. Madumu ya petroli nayaweka upande ambao upepo unapeleka harufu mbali na watu. Harufu hiyo huangusha hata mabaharia.

Tunatoka hadi kwenye kilindi kusini mwa Kizimkazi, halafu nazima mashine. Wengi wanakosea hapa: wanazunguka asubuhi nzima wakiunguza mafuta. Boti ikitembea, macho yanarushwa na sauti haisikiki. Tunagawa bahari vipande vinne, kila watu wawili kipande chao, macho matupu kwanza, darubini baadaye. Darubini ya 7×50, inayokuza mara 7, inatosha. Ya 10 au 12 kwenye boti inatingishika mpaka huoni kitu. Unachotafuta ni pumzi: wingu jeupe la kichaka, urefu kama mita 3, linalosimama sekunde mbili tatu na kupotea. Povu la wimbi huanguka, pumzi hupanda. Ndiyo maana saa 4 asubuhi upepo ukishachanua mapovu kote, nafasi ya kumwona inapungua sana, na saa 6 mchana tumesharudi.

Muda wa kusubiri hauendi bure. Wakati mwingine dume anaimba, na ukiweka sikio kwenye mbao za ndani ya boti, chini ya mstari wa maji, unasikia mlio mrefu kama mlango mzito usiotiwa mafuta. Maikrofoni ya majini husikia mbali zaidi, lakini mbao nazo zinafanya kazi.

Akionekana, simfuati. Nahesabu pumzi. Kwa kawaida atatoa kadhaa, kisha atakunja mgongo na kuinua mkia: hapo anazama kweli, nami nabonyeza saa. Mkubwa hukaa chini dakika 5 hadi 15, wakati mwingine zaidi. Mtoto hawezi, huibuka kila baada ya dakika chache hata mama akiwa bado chini. Pale alipopiga mkia hubaki duara laini la maji, kama mafuta yaliyomwagika. Ukipata maduara matatu mfululizo umeshajua anakoelekea, na unaweza kujiweka pembeni ya njia yake ukasubiri.

Nasogea kwa ubavu, sambamba naye, siyo kwa mbele wala nyuma ya mkia, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Mita 100 ndiyo mwisho wangu. Kwa boti ya futi 30 ni urefu wa boti kumi na moja zikipangwa mstari. Akiwa na mtoto nasimama mita 300. Mtoto huzaliwa na mita 4 hivi, na mama yake, wa tani 30, karibu hali kitu huku kwetu. Ananyonyesha kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini. Kila mbio unayomlazimisha anailipa kwa mafuta ambayo hatayapata tena mpaka arudi Antaktika. Madume kadhaa yakigombea jike, kaa mbali zaidi, maana hayo hayaangalii boti. (Na hapana, hatutaokota ambari. Hutoka kwa nyangumi wa vilindini mwenye kichwa cha mraba, siyo huyu.)

Siku ya tatu tunavuka ghuba kwenda Fumba, upepo ukiwa mgongoni, tukipita kaskazini mwa kisiwa cha Pungume na karibu na kisiwa cha Kwale: kasa, ndege wa bahari, pomboo wenye nundu. Siku rahisi. Ya nne ndiyo inayolipa deni lake, kwa sababu kurudi Kizimkazi ni kupanda kusi, yaani kwenda kinyume na upepo. Naongeza dumu la nne la petroli, tunaondoka kabla ya jua, na kila kamera inaingia kwenye mfuko usiopitisha maji.

Nanga ya usiku nayo ina hesabu yake. Ukitia maji yakiwa yamekupwa, kina mita 4, siku ya maji mafu yatajaa mpaka mita 5 na zaidi. Ya bamvua, mita 8. Kamba iwe mara tano ya kina cha maji yaliyojaa, kwa hiyo mita 40 siku ya bamvua, na nanga itue kwenye doa jeupe la mchanga, siyo juu ya matumbawe.

Picha ya kumtambua nyangumi ni ya upande wa chini wa mkia, iliyopigwa toka nyuma anapozama; alama za weusi na weupe pale hazifanani kwa wawili. Kasi ya kamera sekunde 1/1000 au zaidi, lenzi ya milimita 300. Naandika papo hapo tarehe, saa, namba za GPS, idadi, kama kuna mtoto, na anakoelekea. Picha zinazofaa tunazipandisha Happywhale, tovuti ya kutambua nyangumi, ambako mikia inalinganishwa na iliyopigwa bahari nyingine. Picha ikipoteza saa yake, thamani yake kubwa imekwenda.

Jioni ya mwisho mashine inatiwa kwenye pipa la maji baridi, yasiyo na chumvi, na kunguruma dakika 10, mpaka chumvi itoke.