Naimba kwaya, na dawa nameza
Mwaka wa pili chuoni niliimba kwaya kila Jumapili, na usiku nikawaza kujiua. Nilipomweleza kiongozi wetu wa maombi, alinipa mistari ya Zaburi na kunipangia mfungo. Mfungo! Mimi ambaye hata chapati ilikuwa haishuki. Mama mmoja wa kanisani ndiye aliyenipeleka kwa mshauri nasaha, akaketi kwenye benchi nje akiniombea mpaka nikatoka. Hayo ndiyo maombi.

Wengi tulinyamaza pia kwa kuogopa polisi: hapa Kenya kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu Januari 2025.

Bado naimba, sauti ya tatu. Kama yamekulemea, niandikie, hata saa nane usiku. Twende wote kwa mshauri.