Nipe mji

Jumapili usiku, Ghent, Ubelgiji

Nimerudi kutoka Budapest leo alasiri, na begi bado liko mlangoni. Naandika sasa hivi kwa sababu najijua: kesho nikishaingia kazini, nusu ya haya yatakuwa yameyeyuka.

Tulikuwa wakufunzi 22, watu wa kuwafundisha wanaofanya kazi na vijana, kwa siku sita, katika Kituo cha Vijana cha Ulaya kilichoko kwenye vilima vya Buda. Baraza la Ulaya, shirika la nchi za Ulaya la kutetea haki za binadamu, ambalo si Umoja wa Ulaya, lilikifungua mwaka 1995. Kaka yake, kile cha Strasbourg, ni cha 1972, miaka michache tu baada ya wanafunzi kuingia mitaani mwaka 1968. Kinachonigusa kila nikifikiria vituo hivi ni namna mambo yake yanavyoamuliwa: wawakilishi wa vijana na maofisa wa serikali hukaa meza moja, sauti zao zikiwa sawa. Nilikokulia mimi, kijana aliitwa mkutanoni kupanga viti.

Lakini nilikwenda na kidonda cha mwezi Machi.

Mwezi huo niliendesha zoezi la Hatua Mbele kwa vijana wa mtaani kwetu. Kwa asiyelijua, limo ndani ya Compass, mwongozo wa elimu ya haki za binadamu ambao Baraza la Ulaya liliutoa 2002. Kila mmoja anapewa kadi yenye maisha ya mtu mwingine, anaisoma kimya kimya, kisha wote wanasimama mstari mmoja. Mwezeshaji anasoma sentensi moja baada ya nyingine: huogopi kusimamishwa na polisi, unaweza kwenda likizo, na kadhalika. Ikiwa ni kweli kwa mtu wa kwenye kadi yako, unapiga hatua. Ikiwa sivyo, unabaki ulipo. Mwishoni wengine wamefika ukutani, wengine wako palepale walipoanzia.

Siku ile kijana mmoja hakusogea hata mara moja. Nilijua, na wenzake walijua, kwamba kadi aliyoangukia ilikuwa maisha yake mwenyewe; ni mwaka wa pili anasubiri majibu ya maombi yake ya hifadhi. Nilimuuliza anajisikiaje. Akainama. Chumba kikanyamaza, nami nikaogopa ule ukimya, nikaanza kuongea. Nikaeleza sheria, nikaeleza usawa, nikajaza kurasa tatu za bango kitita kwa kalamu rashasha nyekundu. Walinipigia makofi. Yeye aliondoka bila kuaga, na wiki mbili hakuonekana.

Jumatano, Budapest, tulipangwa wawili wawili kuendesha mazoezi mbele ya wenzetu. Mwenzangu alikuwa mama mmoja kutoka Georgia, mkongwe katika kazi hii. Nikamsimulia ya Machi. Hakunifariji. Aliuliza tu, "Ulipomuuliza, ulingoja kwa muda gani?" Sikuwa na jibu. Basi tulipofanya zoezi, nikauliza swali lilelile, naye akawa anahesabu. Mimi nilihisi nimengoja dakika nzima. Zilikuwa sekunde nne.

Usiku huo nilimkumbuka bibi yangu, Tanga. Giza likiingia, "Kitendawili!" nasi "Tega!" Tukishindwa, hatoi jibu. "Nipeni mji." Tunampa Pangani, anaukataa. Tunampa Korogwe, anaukataa. Anataka Mombasa, na hata akishapewa Mombasa lazima kwanza atusimulie alivyofika huko, akapokewa, akala, akanywa. Muda wote huo wa kubishania mji vichwa vyetu vilikuwa bado vinatafuta, na mara nyingi mmoja wetu alilipata jibu kabla Bibi hajamaliza safari yake. Mimi Machi niligawa majibu bure, hakuna hata mmoja aliyenipa mji.

Sisi wakufunzi tunauchora kila tuendapo mzunguko wa David Kolb, mtaalamu wa elimu aliyeeleza jinsi mtu anavyojifunza kwa kutenda: kufanya, kutafakari, kupata fundisho, kujaribu upya. Kwenye karatasi kutafakari kuna nafasi sawa na mengine. Kwenye ratiba zetu kunapewa dakika kumi za mwisho, watu wakishasikia harufu ya chai. Na hii ni elimu nje ya mfumo rasmi, isiyo na mtihani. Hata Youthpass, cheti kinachotolewa na miradi ya vijana ya Umoja wa Ulaya tangu 2007, humtaka kijana aeleze mwenyewe alichojifunza. Atakieleza vipi, ikiwa mwezeshaji ndiye aliyeongea?

Yule mama alinionyesha pia jambo nililokuwa nalipita haraka. Kabla ya mjadala, watu warudishe kadi, wataje majina yao halisi, wayavue maisha waliyovishwa. Nikamuuliza: na yule ambaye kadi ndiyo maisha yake, avue nini? Akasema hapo kosa lilitokea mapema zaidi, siku nilipozichagua kadi bila kuwafikiria walio chumbani. Nimelibeba hilo hadi nyumbani.

Kuhusu mtandao wa wakufunzi, ambao ndio ulioandikwa kwenye mwaliko: wengi wetu tumejiajiri, na kazi hupatikana kwa mtu kukutaja. Kwetu kazi ya kujuana ina sifa mbaya, nami nilikuwa na wasiwasi. Lakini nitakapotafuta wa kuendesha naye warsha, nitamtaja huyu mama, kwa kuwa aliniambia ukweli wangu usoni. Huko kujuana nakukubali.

Kwenye treni kutoka uwanja wa ndege nilimwandikia yule kijana. Nilimuomba radhi, nikamuuliza kama yuko tayari tuzipitie kadi pamoja kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, aondoe zile anazoona hazifai. Ujumbe ameusoma saa kumi na mbili jioni. Sasa ni saa tano usiku. Hajajibu, nami sijamwandikia wa pili.