Sindano iliyowavusha watu kwenye barafu

Jamani tangu nihamie huku Ulaya baridi inanitesa kweli, sasa juzi nikawa nasoma kuhusu watu wa kale waliokaa Yana kule Siberia, juu kabisa ya mstari wa Aktiki, miaka kama 32,000 iliyopita! Zama za barafu hizo, hamna hita hamna nini, na watu wanalea watoto, maana yamepatikana palepale meno 2 ya utoto ya wavulana, DNA yake ikatangazwa 2019.

Kilichonigusa ni sindano zao za mfupa, zina tundu kabisa la kupitishia uzi. Watu wanasifia moto na mkuki ila mi naona fundi wa kushona ndo aliokoa ukoo, maana ngozi ukijifunika tu upepo unapenya, lakini ikishonwa ikakubana mwilini, ya ndani na ya juu yake, joto linabaki. Sungura nao waliwatega sana, wataalamu wanaona ni kwa ajili ya manyoya. Halafu pembe za mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya, wakachonga silaha na mapambo, yaani kwenye baridi ile bado mtu anataka kupendeza, nawapenda bure!