Magamba Mawili na Mstari wa Ufa: Kuunda Modeli ya Utengano wa Matabaka katika Laminati

Laminati ya nyuzi za kaboni na epoksi, yaani bamba la matabaka membamba yaliyogandishwa pamoja, ina nguvu kubwa kwenye mwelekeo wa nyuzi na udhaifu mkubwa kwenye unene wake. Moduli ya Young, kipimo cha ukakamavu wa nyenzo, hufika takriban GPa 130 sambamba na nyuzi, hushuka hadi karibu GPa 10 kwenye mwelekeo unaozivuka nyuzi hizo, na kati ya tabaka na tabaka hakuna uzi hata mmoja unaovuka. Kinachoshikilia hapo ni epoksi peke yake. Kwa sababu hiyo, kifaa kizito kikiangukia paneli, au kipande cha plastiki kikisahaulika kati ya matabaka wakati wa kuyapanga, au tundu likitobolewa kwa keekee butu, matabaka huweza kuachana ndani kwa ndani huku uso wa nje ukionekana mzima. Kasoro hiyo ndiyo ninayoijadili hapa, na hasa namna ya kuiingiza kwenye modeli ya elementi finiti, yaani ya kompyuta inayogawa umbo katika vipande vidogo (elementi) vinavyoungana kwenye nukta ziitwazo nodi, kwa kutumia elementi za gamba, ambazo ni uso bapa unaobeba unene kama namba tu.

Sababu ya kuchagua elementi za gamba ni ya kihesabu. Tabaka moja lina unene wa milimita 0.125 hivi. Paneli yenye upande wa milimita 500 na matabaka 24, ikijengwa kwa elementi za ujazo, tabaka kwa tabaka, zenye upande wa nusu milimita ili zisiwe bapa kupita kiasi, itahitaji elementi milioni 24. Paneli hiyohiyo, ikijengwa kwa magamba mawili yenye elementi za milimita 2, itahitaji elementi 125,000. Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mhandisi kuuliza maswali mengi badala ya moja: ufa (yaani utengano huo) ukiwa mkubwa zaidi itakuwaje, ukiwa karibu zaidi na uso itakuwaje, mzigo ukigeuka itakuwaje.

Wapo wanaoendelea kutumia gamba moja tu na kupunguza moduli ya nyenzo katika eneo lenye kasoro. Siikubali njia hiyo, na hesabu fupi inaonyesha kwa nini. Ukakamavu wa bamba dhidi ya kupinda hufuata unene uliopandishwa kwa kipeo cha tatu. Bamba likigawanyika katikati ya unene wake na nusu zake mbili zikateleza bila kizuizi, kila nusu inabaki na moja ya nane ya ukakamavu wa awali, na zote mbili kwa pamoja zinabaki na robo. Lakini ukilivuta bamba hilohilo kwenye ubapa wake, ukakamavu haujapungua hata kidogo, kwa kuwa nyuzi zote bado zipo na zote zinabeba. Hakuna moduli moja inayoweza kushuka hadi robo katika kupinda na papo hapo ikabaki kamili katika kuvuta. Isitoshe, gamba moja haliwezi kufunguka, na kufunguka ndiko kunakoukuza ufa.

Modeli inayofaa, basi, ni ya magamba mawili: moja linawakilisha matabaka yaliyo juu ya ufa, jingine yaliyo chini yake. Nje ya eneo la kasoro magamba hayo hufungwa pamoja, nodi kwa nodi. Ndani ya kasoro huachwa huru. Maelezo haya ni mepesi, na wepesi wake unaficha jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua iwapo jibu litaaminika, yaani jinsi magamba mawili yanavyoungana kwenye mstari wa ukingo wa ufa na mbele yake.

Kuna njia mbili za kuyaunganisha. Ya kwanza huweka nodi za kila gamba kwenye kati ya unene wake, kisha huandika milinganyo ya kuziunganisha: mshuko wa wima uwe sawa, na mwendo wa mlalo wa nodi ya juu uwe sawa na wa nodi ya chini ukijumlishiwa mizunguko ya magamba yote mawili, kila mzunguko ukizidishwa kwa nusu ya unene wa gamba lake. Ya pili huhamisha uso wa rejea wa kila gamba hadi kwenye uso wa ufa wenyewe, ili nodi za juu na za chini zikae mahali pamoja. Mimi hupendelea ya pili, kwa sababu nguvu zinazoshikilia nodi hizo pamoja zinakuwa ndizo nguvu zinazopita kwenye uso wa ufa, na nguvu hizo ndizo tutakazozihitaji baadaye katika kukokotoa nishati.

Njia hiyo ya pili ina gharama inayopaswa kueleweka. Uso wa rejea ukihama kutoka katikati, gamba hupata mfungamano kati ya kuvutwa na kupindwa hata kama nyenzo yake ni ya aina moja tupu. Kwa gamba lenye unene h, ukakamavu wa kupinda unaopimwa kwenye uso wake wa chini unakuwa mara nne ya ule unaopimwa katikati. Hilo si kosa la programu. Ni matokeo halali ya kubadili mahali pa kupimia, mradi gamba liwe huru kuteleza kwenye ubapa wake. Tatizo huanzia kwenye mipaka. Chukua paneli ya matabaka 24, yaani milimita 3, yenye ufa chini ya tabaka la nne kutoka juu. Uso wa ufa upo milimita 1 kutoka katikati ya laminati nzima. Ukiisukuma paneli hiyo kwa nguvu iliyowekwa moja kwa moja kwenye nodi za ukingo, nawe ukaacha ukingo huru kuzunguka, mzigo wako umeegemea upande mmoja kwa milimita 1 katika bamba la milimita 3, na paneli itaanza kupinda tangu mzigo wa kwanza kana kwamba ina kasoro ambayo kwa kweli haina. Dawa yake ni kuongeza momenti inayofuta mwegemeo huo, au kuufunga ukingo usizunguke kama jaribio lenyewe linavyofanya. Jaribio la kulinganisha ni rahisi: endesha modeli ya magamba mawili yaliyofungwa kila mahali, bila ufa wowote, kisha uilinganishe na modeli ya gamba moja. Mishuko isipolingana, hakuna haja ya kuendelea na ufa.

Swali linalofuata ni iwapo mizunguko ya nodi ifungwe pamoja na miendo yake. Wang na Raju walipochunguza suala hili kwa elementi za bamba, walipendelea kufunga miendo tu na kuiacha mizunguko huru, nami naona wako sahihi. Mizunguko ikifungwa, sehemu ya mzigo hupita kwenye ukingo wa ufa kama momenti za nodi, na hesabu ya nishati inayozitumia nguvu peke yake hupoteza sehemu hiyo bila onyo lolote.

Hesabu yenyewe ya nishati hutokana na mbinu ya kuufunga ufa kidhahania, iliyowekwa katika umbo la elementi finiti na Rybicki na Kanninen mwaka 1977. Wazo ni kwamba kazi inayohitajika kuufunga ufa kwa urefu mdogo ni sawa na nishati iliyoachiliwa ulipofunguka. Unachukua nguvu inayoshikilia nodi mbili kwenye ukingo, unaizidisha kwa umbali ulio kati ya nodi mbili zilizo nyuma yake, kisha unagawanya kwa mara mbili ya eneo la elementi moja. Nguvu ya wima hutoa sehemu ya kufunguka, nguvu ya mlalo hutoa sehemu ya kuteleza.

Kabla ya kuitumia kwenye paneli, iendeshe kwenye kipande cha majaribio chenye mikono miwili, kile cha ASTM D5528, kwani jibu lake linaweza kuandikwa kwa kalamu. Chukua upana wa milimita 25, kila mkono unene wa milimita 1.5, ufa wa milimita 50, moduli ya GPa 130 na nguvu ya N 50. Kwa nadharia ya boriti, nishati inayoachiliwa kwa kila eneo la ufa ni G = 12P²a²/(b²Eh³), ambapo P ni nguvu, a urefu wa ufa, b upana, E moduli na h unene wa mkono, nayo inatoa 0.27 kJ/m², kiasi kinachokaribiana na ushupavu (nishati inayohitajika kuukuza ufa) wa epoksi nyingi zisizoimarishwa. Mikono itakuwa imefunguka kwa milimita 4.6 hivi. Modeli ya magamba inapaswa kutoa namba hizo kwa karibu sana, na hapo mtu hufurahi, lakini ni vyema akumbuke kwamba zote mbili, nadharia na modeli, zinadhani kuwa mikono imebanwa kikamilifu kwenye ukingo wa ufa. Katika kipande halisi nyenzo iliyo mbele ya ufa hulegea kidogo na mikono huzunguka pale penye mzizi. Masahihisho ya Williams huuongeza urefu wa ufa kwa ajili hiyo. Kwa kipande hiki, moduli ya kukata ikiwa GPa 5, ongezeko ni kama milimita 2.7, na G hupanda kwa takriban asilimia 11. Modeli ya magamba yaliyofungwa kikamilifu mbele ya ufa haiioni asilimia hiyo, tena inakosea kwa upande usio salama.

Kuhusu mgawanyo kati ya kufunguka na kuteleza, ninauamini kidogo kuliko jumla. Jumla ya nishati hutokana na nguvu na momenti zilizomo mikononi, mbali na ukingo, na hizo gamba huzipata vizuri. Mgawanyo hutegemea kinachotokea karibu kabisa na ukingo, mahali ambapo dhana za gamba zimeshavunjika. Kwa kuwa ushupavu dhidi ya kuteleza huwa mara mbili au zaidi ya ule wa kufunguka, mgawanyo mbaya unaweza kugeuza uamuzi wa iwapo ufa utakua. Pale unapohitajika kwa uhakika, eneo dogo la ukingo lijengwe kwa elementi za ujazo na kuunganishwa na magamba yanayolizunguka.

Elementi za mshikamano, zinazowekwa kati ya magamba na kuharibika taratibu, ni njia nyingine, nazo huuacha ufa ukue wenyewe bila wavu (mpangilio wa elementi) kubadilishwa. Bei yake ni ukubwa wa wavu. Urefu wa eneo linaloharibika mbele ya ufa hukadiriwa kwa EG/σ², ambapo G hapa ni ushupavu na σ ni nguvu ya nyenzo kabla ya kuachana. Kwa E ya GPa 10, G ya 0.26 N/mm (sawa na kJ/m²) na nguvu ya MPa 60, unapata milimita 0.7. Ukitaka elementi tatu ndani yake, kila moja iwe na robo milimita, na faida ya magamba imeyeyuka. Turon na wenzake walipendekeza mwaka 2007 kupunguza σ bila kugusa G: kwa MPa 30 eneo hilo hurefuka mara nne. Ufa uliokwisha kuwepo hauathiriki sana na punguzo hilo, lakini mahali ufa mpya unapoanzia huathirika, kwa hiyo nisingelitumia kutabiri uharibifu wa pigo.

Hatari kubwa ya utengano hujitokeza laminati inapokandamizwa. Gamba jembamba la juu hujipinda na kutuna kwa mzigo mdogo sana kuliko paneli. Ukanda wenye unene wa milimita 0.5 na urefu wa milimita 40, uliobanwa ncha zote, hujipinda paneli ikifupika kwa asilimia 0.05 tu; urefu ukiwa milimita 20, ni asilimia 0.2. Hapa mgusano kati ya magamba ni lazima uwekwe. Uchambuzi wa mstari wa kujipinda haujui mgusano, na mara nyingi huleta kama umbo la kwanza lile ambamo gamba la juu limelipenya la chini, jambo lisilowezekana. Tumia uchambuzi usio wa mstari, wenye kasoro ndogo ya umbo inayolisukuma gamba jembamba kwenda nje.

Gamba hilo jembamba huwa pia halina ulinganifu hata kama laminati nzima inao. Laminati ya [45/-45/0/90]s (digrii za mwelekeo wa nyuzi kwa kila tabaka, s ikimaanisha kuwa nusu ya pili ni taswira ya kioo ya nusu ya kwanza) ikiachana chini ya tabaka la pili, juu hubaki [45/-45], inayojisokota ikivutwa, na inayojisokota pia kwa kupoa tu kutoka kwenye joto la kuivishia epoksi, ambalo kwa nyingi ni karibu nyuzijoto 180. Hatua ya kwanza ya uchambuzi na iwe huko kupoa, kabla ya mzigo wowote, la sivyo ufa utaanza ukiwa umefungwa ilhali kwa kweli tayari umefunguka kidogo.