Niliiacha porini, nimeikuta mjini

Konda alinishusha kituo kimoja mbele. Simlaumu. Nilimwambia "shusha shuleni, pale kwenye mwembe", akanishangaa. Mwembe wenyewe haupo tena. Zamani ukitoka Pugu Kajiungeni kuja huku Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, shule ungeiona toka mbali, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kuona. Sasa imezungukwa na fremu: vifaa vya ujenzi, saluni, wakala wa pesa, tena saluni. Nilirudi nyuma kwa miguu, begi mgongoni, mpaka nikaona sare.

Mimi nilianza kidato cha kwanza hapa 2006. Ndiyo ile miaka serikali ilisema kila kata iwe na sekondari yake, wazazi wakachangishwa fedha na nguvu kazi, na sisi watoto tukabeba tofali na maji ya zege kabla hatujafungua daftari. Madarasa mawili, madirisha matundu. Ada ilikuwa 20,000 kwa mwaka, na usiombe uchelewe: unatolewa mstarini, unarudi nyumbani kuifuata. Juu yake kuna mchango wa mlinzi, wa mtihani, na rimu ya karatasi. Walimu walikuwa wanne. Wawili kati yao ni wale tuliowaita vodafasta, vijana waliotoka kidato cha sita wakapigwa msasa mwezi mmoja na kukabidhiwa chaki. Fizikia hatukuwa na mwalimu mpaka kidato cha tatu. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, sifuri zilijaa ukurasa mzima. Mimi nilipata daraja la nne la mwisho mwisho, nikaenda kusomea umeme, na 2014 nikapanda ndege kwenda Oman.

Kule Muscat wenzangu wakiniuliza nimesoma wapi nilijibu "sekondari moja ya Dar". Neno kata nililimeza. Aibu yangu hiyo, naisema mwenyewe kabla hamjanisema.

Nimerudi Januari 2025, na wiki haijaisha dada yangu akanikabidhi mwanawe. "Wewe ndiye uliyesoma pale, mpeleke akaripoti." Kwa hiyo nikapanga foleni na kina mama wenye fomu za kujiunga na kopi za vyeti vya kuzaliwa, mpwa wangu pembeni yangu na fagio jipya mkononi (fagio halijafutwa, ada tu ndiyo iliyofutwa). Tulipofika mezani nikamtambua aliyekaa. Mmoja wa wale vodafasta! Alijiendeleza Chuo Kikuu Huria, sasa ndiye mwalimu wa taaluma.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe ulikuwa unakaa dirishani. Mtoro wa Ijumaa."

Mpwa wangu alicheka mpaka akaficha uso.

Foleni ilipopungua, mwalimu akanizungusha. Kuna jengo lina vigae chini na madirisha ya alumini, wanaliita la UVIKO, yaani la pesa za korona. Ni katika yale madarasa 15,000 yaliyojengwa nchi nzima kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, 12,000 kati yake ya sekondari. Nilipitisha mkono kwenye ukuta laini nikakumbuka wa kwetu, uliokuwa ukikuachia vumbi jekundu begani. Maabara ipo. Mwalimu wa fizikia yupo, nimemwona kwa macho yangu.

Lakini watoto! Ilipogongwa kengele ya mapumziko, ile ile rimu ya gari iliyoning'inizwa na nondo, walimwagika mpaka tukasogea ukutani. Upande wa vyoo vya wasichana foleni ikapinda kona ya jengo. Nilisimama nikaitazama. Ilisogea, ikasimama, ikasogea. Rimu ikagongwa tena, na wa nyuma wakageuka kurudi darasani bila kufika mlangoni.

"Walioanza darasa la kwanza 2016, mwaka wa kwanza wa elimu bila ada, hapa walifika 2023," mwalimu akasema. "Miaka saba tunawaona wanakuja. Madarasa tumeletewa. Eneo ni lile lile." Akanionyesha kwa kidevu lile jengo jipya. Limesimama kwenye goli la kusini. Uwanja uliobaki ni nusu.

Ng'ambo ya barabara lilikuwa shamba la mikorosho. Liliuzwa vipande vya ishirini kwa ishirini, kila kipande kikaota nyumba, kila nyumba ikaleta watoto wake, na aliyekuwa akigawa viwanja hakuacha hata kimoja cha shule ya pili. Hilo ndilo linaloniudhi. Mji ulikuja polepole, tukiuona, na kila mtu alikuwa na futi mkononi.

Asiniambie mtu lakini kwamba enzi zetu kulikuwa afadhali kwa kuwa palikuwa na nafasi. Nafasi tulikuwa nayo, ya kukaa bila mwalimu kuanzia saa nne hadi saa nane, tukicheza mpira kwenye uwanja mzima. Mtoto wa dada yangu anaanza Elimu ya Biashara mwaka huu huu wa kwanza. Mimi nilimaliza miaka minne sijui leja inafananaje. Watu waendelee kuzikejeli shule zetu za serikali kwa jina la Mtakatifu Kayumba wakitaka.

Saa sita walibandika majina ukutani. Mpwa wangu akapenya katikati ya wenzake, akarudi anapepea fomu.

"Mjomba, nimepangwa F. Nyie mlikuwa na mikondo mpaka wapi?"

"A."

"Halafu?"

"Basi. A."

Akaniangalia kuona kama namtania, kisha akanipa fagio nimshikie, akaenda kutafuta kiti.