Bahasha ya jana jioni

Jamani jana sijalala. Hapa Newala msimu wa korosho umeanza, na mimi ndo wenzangu walonichagua kufatilia malipo yetu ya msimu uliopita, sasa jioni kaja mtu nyumbani, simtaji, kakaa barazani kanywa na chai kabisa, akaweka bahasha mkekani, "hii ya ada ya mtoto, ila hayo malipo usiyaharakishe". Na ada kweli nadaiwa.

Nikamkumbuka Mandela. 1985 ana miaka zaidi ya 20 jela, Rais Botha wa Afrika Kusini akamwambia atamtoa akitangaza kuachana na mapambano ya nguvu, akagoma, bintiye Zindzi akasoma jibu lake uwanjani Soweto, akakaa ndani miaka mingine 5! Na Martin Luther King wa Marekani hela ya tuzo ya amani ya Nobel ya 1964, dola zaidi ya 50,000, aliitoa kwenye harakati za haki za watu weusi na nyumbani ana watoto 4 wadogo.

Yangu mimi bahasha moja tu. Nikamrudishia mbele ya mke wangu, mkono unatetemeka yaani. Leo asubuhi nimewaeleza wenzangu wote chini ya mkorosho, bibi mmoja kanishika mkono tu hakusema kitu. Ada bado natafuta.